Kliniki ya Mkoba kwa Familia za Wafugaji: Mwongozo Kamili wa Kuwafikia Watoto Ambao Rejesta Haiwajui

Wahudumu wengi wa zahanati za vijijini hulalamikia jambo moja. Wametoka alfajiri wakiwa na kibebeo cha chanjo, wamefika kitongoji cha mbali na kukaa chini ya mti mpaka alasiri, lakini waliokuja ni akina mama walewale ambao hata zahanatini hufika bila kukumbushwa. Mwezi unaofuata hurudi mahali palepale, saa ileile, na matokeo huwa yaleyale.

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, muuguzi na mhudumu wa afya ya jamii anayefanya kazi katika maeneo ya wafugaji ya Tanzania, kama vile Longido, Monduli, Simanjiro, Kiteto na Ngorongoro, ambako boma huweza kuwa mbali na zahanati kwa saa nyingi za kutembea na ambako familia huhama kufuata maji na malisho. Anayehudumia makambi ya wavuvi au machimbo madogo atapata hapa mengi ya kumfaa, ingawa ratiba za huko ni nyingine. Kwa maoni yangu siku ya mkoba, yaani siku ambayo wahudumu huipeleka kliniki kwa familia, hufaulu au hushindwa kabla pikipiki haijawashwa. Ndiyo maana hatua za mwanzo nimezieleza kwa urefu kuliko kazi ya kuchoma sindano, ambayo wauguzi wengi wanaifahamu vizuri.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi kabla ya kupanga tarehe, kwa sababu kikikosekana kimoja siku ya safari, familia iliyotembea mbali itarudi mikono mitupu na huenda isije tena.

Watu. Muuguzi aliyefunzwa kutoa chanjo, mhudumu wa afya ya jamii anayezungumza lugha ya eneo hilo, na mwenyeji mmoja wa kitongoji atakayepokea watu na kupanga foleni.

Vya ubaridi. Kibebeo cha chanjo chenye kifuniko kinachofunga sawasawa, chupa bapa za barafu zinazolingana nacho, sponji ya juu, kipimajoto na mifuko ya plastiki ya kufungia vichupa.

Vya kuchanjia. Chanjo pamoja na vimiminika vyake vya kuchanganyia, bomba za sindano zinazojifunga baada ya kutumika mara moja (za mililita 0.5, na za mililita 0.05 kwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu), bomba za kuchanganyia, pamba, maji safi na boksi la usalama la kutupia sindano.

Vya kukagulia. Mzani wa kuning'iniza, mkanda wa kupima mzunguko wa mkono unaofahamika kama MUAC, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto cha mwili na kipimo cha haraka cha malaria.

Vya kutibia na dharura. ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki, vitamini A, dawa ya minyoo, parasetamoli, na kisanduku cha dharura chenye adrenalini ambayo haijapita muda wake.

Vya kumbukumbu. Rejesta ya watoto, karatasi za tali (za kuhesabia waliochanjwa), kadi mpya za kliniki za kutosha, fomu za rufaa, kalamu zaidi ya moja, na daftari la kawaida ambalo katika mwongozo huu nitaliita daftari la maboma.

## Hatua ya 1: Andika orodha ya watoto ambao rejesta haiwajui

Rejesta ya zahanati inakuonyesha mtoto aliyeanza chanjo na hakumaliza. Haikuonyeshi kamwe yule ambaye hajawahi kuletwa, na huyo ndiye hasa unayemtafuta. Kwa hiyo orodha ya kwanza haitoki kwenye kabati la zahanati; inatoka kwa watu wanaojua nani anaishi wapi.

Anza na mwenyekiti wa kitongoji, kisha uende kwa watu ambao timu nyingi za afya huwasahau. Ofisa mifugo wa kata anajua ni familia ipi imehamishia ng'ombe wapi, kwa sababu huwaona siku ya josho na siku ya chanjo ya mifugo. Mwalimu wa shule shikizi anajua ni mtoto gani ana wadogo zake nyumbani. Mkunga wa jadi anajua nani amejifungua bila kufika zahanati. Mwenye pampu ya kisima anajua ni wanawake gani wapya wameanza kuja na punda kuteka maji, na mara nyingi habari za familia iliyohamia huzipata kabla ya ofisi ya kijiji.

Baada ya hapo, mhudumu wa afya ya jamii apite boma kwa boma. Katika daftari la maboma kila boma lipewe ukurasa wake, na ndani ya ukurasa huo kila nyumba ipewe mstari wake. Hapa ndipo makosa mengi hutokea: boma lina mzee mmoja lakini linaweza kuwa na wake watatu au wanne, kila mmoja na nyumba yake na watoto wake. Ukimuuliza mzee ana watoto wangapi wadogo, atakupa jibu la jumla. Muulize kila mama mlangoni kwake.

Maswali matatu yanatosha kwa siku ya kwanza:

1. Katika nyumba hii, nani amezaliwa tangu masika ya mwaka juzi?
2. Je, yupo mtoto ambaye kwa sasa yuko kwa bibi yake au ameondoka na mifugo pamoja na mama yake?
3. Je, yupo mama mjamzito, au mama ambaye bado yuko ndani baada ya kujifungua?

Swali la tatu lina uzito wake. Mtoto mchanga anatakiwa apate BCG na matone ya polio mapema baada ya kuzaliwa, lakini mama aliyejifungulia nyumbani huenda asitoke kwa majuma kadhaa. Ukilijua jina lake mapema utampangia ziara ya nyumbani badala ya kumngojea chini ya mti.

Mama asipokumbuka tarehe ya kuzaliwa, usiandike tarehe ya kubuni. Tumia matukio ya mahali: je, mtoto alizaliwa kabla ya mvua za vuli au baada yake? Kabla ya shule kufunguliwa Januari au baadaye? Kabla ya familia kuhama kutoka bonde lile? Andika mwezi unaokaribia na uweke alama kwamba ni makisio. Tofauti ya wiki chache haizuii chanjo, ila tofauti ya mwaka mzima inaweza kukupeleka kwenye chanjo isiyomfaa.

Tahadhari. Daftari hili lisiwe na taarifa za magonjwa ya mtu, hasa hali ya maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya mama au mtoto. Litapita mikononi mwa watu kadhaa, na siri ikivuja mara moja milango ya boma zima itafungwa.

Utajuaje umefaulu. Linganisha daftari la maboma na rejesta ya zahanati. Ikiwa majina karibu yote yamo tayari kwenye rejesta, basi mhudumu amepita katika maboma ya karibu na barabara tu. Mrudishe upande mwingine. Orodha nzuri huwa na majina ambayo muuguzi hajawahi kuyasikia.

## Hatua ya 2: Chagua siku na mahali kwa kufuata ratiba ya familia

Usipange tarehe ukiwa zahanatini ukitazama kalenda ya ukutani. Kaa na mwenyekiti wa kitongoji, laigwanani (kiongozi wa kimila wa Wamaasai) na angalau wanawake wawili wenye watoto wadogo, kisha uulize siku yao inavyokwenda.

Utasikia mambo ambayo hayamo kwenye mpango kazi. Alfajiri akina mama wanakamua. Jua likipanda, wengine wanaondoka na punda kwenda kisimani, na wakati wa kiangazi safari hiyo inaweza kula siku nzima. Siku ya mnada sehemu kubwa ya watu wazima hawapo, lakini wapo wengi pale mnadani, wakiwemo wanaotoka maboma ambayo wewe usingeyafikia kwa pikipiki. Kliniki inayofunguliwa saa tatu asubuhi katikati ya kitongoji, siku ya mnada, imewakosa watu mara mbili.

Kwa hiyo una njia tatu, na jamii yenyewe ikwambie ipi inafaa msimu huo: kukutana na familia kisimani au kwenye lambo, kuweka kituo kando ya mnada, au kwenda katika maboma yenyewe mapema asubuhi. Mimi napendelea kisima wakati wa kiangazi, kwa sababu maji hayana mbadala na kila familia itafika. Wakati wa masika, maji yanapopatikana kila mahali na njia zikiwa tope, ni afadhali kwenda maboma machache machache kwa zamu.

Zungumza pia na ofisa mifugo. Pale ambapo siku ya kuogesha au kuchanja ng'ombe inaweza kwenda pamoja na siku ya watoto, baba huja mwenyewe na idhini yake hupatikana papo hapo.

Tahadhari. Ukishatangaza siku usiibadilishe ila kwa dharura kubwa. Mama aliyetembea saa tatu akakuta mti mtupu hatakuamini kwa muda mrefu. Gari likiharibika, piga simu kwa mwenyekiti asubuhi ileile na umwombe awafikishie watu habari hizo kabla hawajaondoka majumbani.

## Hatua ya 3: Peleka taarifa mara mbili, kwa jina

Tangazo la jumla kwenye mkutano wa kijiji huwafikia wanaume waliohudhuria. Taarifa ya kliniki ya mtoto inatakiwa imfikie mama, bibi wa mtoto na baba, na kila mmoja huamua kwa sababu zake.

Mara ya kwanza iwe wiki moja kabla, mhudumu akipita na daftari na kutaja mtoto kwa jina: "Mtoto wako huyu amefikia sindano ya miezi tisa; tutakuwa kisimani Alhamisi." Mara ya pili iwe jioni ya siku inayotangulia, kupitia simu ya jirani au kijana anayerudi na mifugo. Taarifa itaje siku, mahali, saa kwa Kiswahili cha saa za jua, na kwamba huduma ni bure. Itaje pia kwamba mama asiye na kadi aje hivyohivyo.

Sentensi hiyo ya mwisho isikosekane. Sababu moja inayowazuia akina mama, ambayo mara chache huandikwa kwenye ripoti, ni kwamba siku fulani walikaripiwa mbele ya wenzao kwa kupoteza kadi, kwa kuchelewa au kwa mavazi ya mtoto. Hawakuikataa chanjo, walikataa kuaibishwa.

## Hatua ya 4: Kokotoa chanjo kutokana na orodha

Usibebe chanjo kwa mazoea. Pitia orodha na uandike kila mtoto anahitaji nini siku hiyo kwa mujibu wa ratiba ya taifa: za kuzaliwa, za wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha surua-rubela ya miezi 9 na ya pili ya miezi 18.

Tuseme watoto 7 wanahitaji surua-rubela, na kichupa kina dozi 10. Kwa hesabu kavu kichupa kimoja kinatosha. Beba viwili, kwa sababu kazi hii ikifanywa vizuri watakuja watoto ambao hawakuwa kwenye orodha. Kila kichupa cha unga kiende na kimiminika chake kutoka kwa mtengenezaji yuleyule, nacho kiwe kimepozwa kabla ya kuchanganya.

Wahudumu wengi hurudisha mtoto mmoja wa surua au wa BCG ili wasifungue kichupa cha dozi 10 au 20 kwa ajili yake peke yake. Usifanye hivyo mahali pa mbali. Fungua. Dozi zitakazomwagwa ni hasara inayokubalika, na kwenye ripoti utaandika sababu yake. Mtoto aliyerudishwa huenda usimwone tena mpaka augue.

## Hatua ya 5: Andaa ubaridi kwa namna isiyogandisha chanjo

Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Wengi huogopa joto na kusahau kwamba Penta (chanjo moja ya magonjwa matano), PCV (ya nimonia), IPV (ya polio ya sindano) na chanjo ya homa ya ini B huharibika zikiganda, na huharibika kwa namna isiyoonekana kwa macho.

Hatari hiyo hutokea asubuhi ya safari. Chupa za barafu zikitolewa kwenye friza na kuingizwa moja kwa moja ndani ya kibebeo, ubaridi wake huwa chini ya sifuri na kichupa kinachogusana nazo huganda. Dawa yake ni uvumilivu. Zitoe mapema, uzipange mezani zikiwa zimeachana kidogo, na usubiri. Kila baada ya muda inua moja, uikaushe, uitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yakicheza ndani huku kipande cha barafu kikigonga kuta, ipo tayari. Kazi hii yaweza kuchukua nusu saa au zaidi ya saa moja kulingana na joto la chumba, kwa hiyo iingize kwenye ratiba ya alfajiri badala ya kuifanya pikipiki ikiwa tayari inanguruma.

Panga chupa hizo pande zote za kibebeo, weka vichupa ndani ya mfuko wa plastiki ili lebo zisilowe, weka kipimajoto, funika kwa sponji kisha ufunge.

Kabla ya kufunga, tazama alama ya VVM, inayobadilika rangi chanjo ikipata joto, kwenye kila kichupa. Mraba wa ndani ukiwa na rangi hafifu kuliko duara linalouzunguka, kichupa kinafaa. Rangi zikilingana, au mraba ukiwa mweusi zaidi, kichupa hicho hakitumiki hata kama tarehe yake haijapita.

Tahadhari. Chanjo ya surua-rubela na BCG zikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au kliniki inapokwisha, lolote litakalotangulia. Andika saa ya kuchanganya kwenye kichupa chenyewe. Kutumia kichupa kilichokaa kupita muda huo kumewahi kusababisha vifo vya watoto katika nchi kadhaa, kwa sababu vijidudu huzaliana ndani yake bila dalili yoyote ya nje.

Utajuaje umefaulu. Ukifika, na kila saa baada ya hapo, kipimajoto kinasoma kati ya 2 na 8, na hakuna kichupa kilichoganda.

## Hatua ya 6: Panga kituo chini ya kivuli

Fika mapema kuliko saa uliyoitangaza. Kibebeo kikae kivulini na kisifunguliwe ovyo. Vichupa vilivyofunguliwa vichomekwe kwenye sponji ya juu.

Panga mahali ili mama apite njia moja: mapokezi na kadi, mzani na mkanda, mazungumzo na muuguzi, chanjo, kisha mahali pa kukaa dakika 15 kabla ya kuondoka. Sehemu ya sindano isitazamane na foleni, kwa maana mtoto mmoja akilia mbele ya wengine kumi, wote watalia na baadhi ya akina mama wataanza kuondoka.

## Hatua ya 7: Sikiliza kabla ya kuchanja

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi wa siku, hata kama foleni ni ndefu. Salimu kwa heshima ya mahali: kwa Wamaasai, mwanamke husalimiwa "Takwenya" naye huitikia "Iko", na salamu hiyo ikitoka kwa mgeni hufungua mengi. Kisha uulize, unyamaze.

Mara nyingi mwenye neno la mwisho si mama bali bibi wa mtoto. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja tena na sindano zenu?"

"Tumekuja kuwaona wajukuu, bibi. Tunaomba tukae kwanza tukusikilize."

"Yule mkubwa alichomwa, usiku kucha akawa wa moto. Tangu siku ile nimesema basi."

"Pole sana bibi. Ni kweli, homa huja kwa watoto wengine, nayo huisha kwa siku moja au mbili. Tulitakiwa tukwambie siku ileile, na kumwachia mama dawa ya kuituliza. Leo tutamwachia, na tutaandika namba ya simu ya kupiga ikizidi."

Ona kwamba mhudumu hakupinga homa, wala hakusema bibi amekosea. Alikiri jambo la kweli, akaeleza litakavyokuwa, akatoa msaada wa usiku wenyewe. Bibi aliyejibiwa hivyo anaweza kuwa mtetezi wa kliniki katika boma lake. Akiendelea kukataa, mshukuru, andika sababu yake kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, na uombe ruhusa ya kurudi. Usimtishe kwa faini wala kwa mtendaji wa kijiji. Mtoto mmoja aliyechanjwa kwa nguvu hufukuza watoto wa ukoo mzima.

Yapo mambo matatu yanayowachanganya wahudumu katika hatua hii.

Mtoto hana kadi. Tafuta jina lake kwenye rejesta, na utazame bega la kulia kama lina kovu la BCG. Usipopata ushahidi wowote wa chanjo nyingine, mhesabu kama hajachanjwa, uanze, na umpe kadi mpya. Kukosekana kwa kovu peke yake hakuthibitishi kwamba hakupata BCG.

Mtoto amechelewa. Usianze dozi upya. Endelea pale alipoishia, ukiacha angalau wiki 4 kati ya dozi na dozi, na umpe siku hiyohiyo chanjo zote anazostahili kwa umri wake kulingana na mwongozo wa taifa. Sindano zaidi ya moja kwa siku moja hazina madhara ya ziada. Zikichomwa paja moja ziachane kwa sentimita 2.5.

Mtoto ana mafua, kikohozi au homa ndogo. Mchanje. Mtoto wa kutochanjwa ni yule aliyepata athari kali baada ya dozi iliyotangulia ya chanjo ileile. Na yule aliye mgonjwa mahututi anatakiwa rufaa kwanza.

## Hatua ya 8: Mkague mtoto mzima

Familia hii huenda isikutane na mhudumu mwingine kwa miezi. Kuchoma sindano na kumwacha mtoto aliyedhoofika aondoke ni kupoteza nafasi.

Pima mkono wa kushoto kwa mkanda wa MUAC kwa kila mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 mpaka chini ya 12.5, rangi ya njano, ni wa kadiri. Kisha bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu. Vishimo vikibaki pande zote mbili ni uvimbe wa utapiamlo mkali, hata kama mkanda unaonyesha kijani.

Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mwenye umri chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59 ni za haraka na zinahitaji matibabu. Anayeharisha apewe ORS, pakiti ikichanganywa kwa maji yaliyoandikwa juu yake, na zinki: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na miligramu 20 kwa aliyezidi umri huo. Mwonyeshe mama kwa vitendo, ukitumia chombo chake mwenyewe. Kama nyumbani ana kibuyu na wewe unapima kwa chupa ya lita, atarudi bila kujua kipimo.

Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6: yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59. Tazama kwanza kadi ili usimpe aliyepewa karibuni.

Rufaa ya papo hapo. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na asiyeamka vizuri, aondoke siku hiyo. Fomu ya rufaa bila usafiri haimfikishi mtoto popote. Piga simu kituoni, panga na mwenyekiti nani atatoa pikipiki, na uhakikishe baba amejua kabla ya mama kuondoka, kwani ruhusa ikingojewa jioni mtoto anaweza kuchelewa.

## Hatua ya 9: Funga siku vizuri

Kabla mama hajaondoka, mwambie mambo manne kwa lugha yake: mtoto amekingwa dhidi ya nini, anaweza kupata usumbufu gani na afanye nini, arudi lini, na aitunze kadi. Muombe akurudishie kwa maneno yake tarehe ya kurudi. Tarehe iliyosemwa kama "baada ya minada minne" hukumbukwa kuliko iliyoandikwa, palipo na mnada wa kila wiki.

Sindano zisifunikwe tena baada ya kutumika. Ziingie moja kwa moja kwenye boksi la usalama, ambalo hubadilishwa likijaa robo tatu. Kila kitu kirudi zahanatini. Kuacha au kuchoma taka pembeni ya kisima ni kuwaachia watoto vitu vya kuchezea vyenye damu.

## Hatua ya 10: Fuatilia waliokosekana ndani ya wiki moja

Jioni ileile, au kesho yake, jumlisha tali na ulinganishe na orodha. Gawa waliokosekana katika mafungu matatu, maana kila fungu lina tiba yake: waliokuwa safarini, waliokataa, na ambao taarifa haikuwafikia. Fungu la tatu likiwa kubwa, kosa liko Hatua ya 3 na halihusiani na mwamko wa jamii.

Kila baada ya miezi mitatu, kokotoa wanaopotea njiani. Chukua waliopata Penta ya kwanza, toa waliopata ya tatu, gawanya kwa waliopata ya kwanza, kisha zidisha kwa 100. Walioanza wakiwa 40 na waliomaliza 31, umepoteza asilimia 22.5. Ikizidi 10, familia zinakufikia lakini hazirudi, na hapo uchunguze namna zinavyopokelewa kabla ya kuongeza safari. Ikiwa asilimia ni ndogo lakini walioanza ni wachache kuliko watoto waliomo kwenye daftari la maboma, rudi Hatua ya 1.

Kwa familia iliyohama, muulize jirani imeelekea wapi, kisha umpigie muuguzi wa zahanati ya huko na kumtajia jina la mtoto, la mama, chanjo aliyoishia na tarehe ya inayofuata. Andika kwenye daftari nani amepokea taarifa hiyo na siku gani, na mpigie tena baada ya tarehe ya chanjo kupita ili kujua kama mtoto ameonekana. Jina lisifutwe mpaka zahanati hiyo ikujibu kwamba mtoto amechanjwa. Asipoonekana, mweke kwenye orodha ya msimu ambao familia hurudi.